Kozi gani ziingie kwenye orodha ya jamii ya programu, na kwa nini nyingine zinaachwa

Mtu anayetaka kujifunza programu fulani mara nyingi huanzia kwenye tovuti ya jamii inayoitengeneza. Akikuta hapo ukurasa wa mafunzo wenye majina ya kozi, huchukulia kwamba kozi hizo zimepimwa, zimepasishwa, na kwamba vyeti vyake vinatambuliwa. Upande wa pili, mkufunzi ambaye kozi yake haimo huona amekataliwa, au hata ametuhumiwa kufundisha vibaya. Wote wawili wanaisoma orodha kwa maana isiyo yake, na lawama huishia kwa wajitolea wachache wanaoitunza. Mzozo huu huzuka kwa sababu orodha ilifunguliwa kabla masharti yake hayajaandikwa.

Tuanze na maneno yenyewe. Jamii ya programu ni watu wanaoandika, kurekebisha, kutafsiri na kutumia programu moja, kwa kawaida programu huria: ile ambayo msimbo wake uko wazi na kila mtu ana ruhusa ya kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuusambaza. Python (lugha ya kuandikia programu), PostgreSQL (ya kutunza hifadhidata), QGIS (ya ramani) na LibreOffice (ya kazi za ofisi) zina jamii za namna hiyo. Mtoa mafunzo ni yeyote anayeifundisha programu, awe mtu mmoja, kampuni, chuo au jamii yenyewe.

Kisha kuna vitendo vitatu ambavyo watu huvichanganya. Kuorodhesha ni kusema: kozi hii ipo, na maelezo yake ni haya. Kupendekeza ni kusema: kozi hii inamfaa mtu wa aina fulani. Kuidhinisha ni kusema: tumeikagua kwa kipimo chetu wenyewe na tunaiwekea dhamana. Kazi huongezeka sana kutoka kitendo kimoja hadi kingine, na jamii nyingi zina nguvu ya kufanya cha kwanza tu.

Orodha iliyokaa sawa hufanya kazi ya ubao wa ratiba kwenye kituo cha mabasi. Ubao hukuambia basi linakwenda wapi, linaondoka saa ngapi na nauli ni kiasi gani. Haukuambii dereva ni hodari. Lakini basi lililoandikwa likiwa halipo, au likielekea kwingine, kosa ni la aliyeandika ubao.

Masharti yanayopimika

Sharti zuri ni lile ambalo wakaguzi wawili wasiojuana wakilitumia kwa kozi ileile watapata jibu lilelile. "Kozi iwe ya kiwango cha juu" si sharti, kwa sababu kila mtu ana kiwango chake kichwani. "Ukurasa wa kozi utaje toleo la programu linalofundishwa" ni sharti: limetajwa au halijatajwa. Vivyo hivyo kwa silabasi kuonekana bila kujisajili, bei kuandikwa kabla ya mtu kutoa barua pepe yake, jina la mtoa mafunzo na njia ya kumfikia, idadi ya saa, lugha ya kufundishia, ujuzi anaopaswa kuwa nao mwanafunzi kabla ya kuanza, na aina ya cheti kama kipo.

Ukiyakusanya hayo, ingizo moja kwenye orodha linaweza kusomeka hivi: "Misingi ya hifadhidata kwa PostgreSQL. Toleo 16. Kwa anayeanza, awe anaweza kutumia dirisha la amri. Kiswahili. Saa 18 kwa wiki 6, video zenye manukuu, mazoezi 24 yenye majibu. Ya kulipia, somo la kwanza bure. Cheti cha kumaliza, hakuna mtihani. Imekaguliwa Februari 2025." Hakuna neno la sifa hata moja, na bado msomaji anaweza kuamua kwa chini ya dakika kama imfae au aendelee kutafuta. Maneno kama "kozi kamili", "namba moja" na "utaalamu ndani ya siku 7" yakatwe kabla ingizo halijachapishwa, na mtoa mafunzo aambiwe mapema kwamba yatakatwa.

Toleo ndilo linalovunja kozi nyingi

Kozi ya historia inaweza kudumu miaka ishirini. Ya programu huchakaa hata kama mkufunzi hakukosea chochote, kwa sababu kinachofundishwa chenyewe kinabadilika. Tangu mwaka 2020 Python hutoa toleo jipya kila Oktoba, na kila toleo hutunzwa kwa takriban miaka 5. PostgreSQL nayo hutoa toleo kubwa kila mwaka na kulitunza kwa miaka 5. Muda huo ukiisha, hata mianya ya usalama haizibwi tena.

Mfano mdogo unaonyesha tatizo lilivyo. Kozi nyingi za uchambuzi wa data zilifundisha kuongeza mistari kwenye jedwali la pandas, kifurushi (msimbo ulioandaliwa tayari) cha Python cha kuchambua data, kwa amri ya append. Amri hiyo iliondolewa kwenye pandas 2.0, iliyotoka Aprili 2023. Mwanafunzi anayefuata video ya mwaka 2020 huanza kwa kusakinisha pandas bila kutaja toleo, hivyo kompyuta humletea jipya kabisa. Masomo ya mwanzo yanapita vizuri. Akifika kwenye somo la kuunganisha majedwali anaandika herufi kwa herufi alichokiona kwenye video, na anajibiwa ujumbe wa kosa, AttributeError. Hajui kwamba siku hizi hutumika amri ya concat. Anaamini amekosea yeye, anarudia mara kadhaa, kisha anaacha. Kozi haikuwa mbaya ilipotengenezwa, ila haikutaja matoleo ya vifurushi vyake. Sharti moja, kwamba kila kozi yenye mazoezi iambatane na faili linalotaja toleo kamili la kila kifurushi, lingemwokoa mwanafunzi huyo.

Kuna uchakavu wa hatari zaidi. Amri za zamani za PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, za kuzungumza na hifadhidata ya MySQL, yaani mysql_query na wenzake, ziliondolewa kabisa kwenye PHP 7.0 mwezi Desemba 2015, lakini masomo yanayozitumia bado yamezagaa. Mengi kati yake huchukua alichoandika mtumiaji kwenye fomu na kukipachika moja kwa moja ndani ya amri ya hifadhidata, na huo ndio mlango ambao mvamizi huutumia kusoma au kufuta data za watu. Kozi ya namna hii haiingii, hata kama mkufunzi ana moyo mzuri na wanafunzi wake wanamsifu.

Angalia pia majina yanayofanana. AngularJS na Angular, vya kutengenezea programu za wavuti, ni vitu viwili: cha pili kilitoka mwaka 2016 kikiwa kimeandikwa upya, na utunzaji wa cha kwanza ulikoma mwishoni mwa mwaka 2021. Kichwa cha kozi peke yake hakitoshi kukuambia kinachofundishwa ni kipi.

Hapa ndipo jamii nyingi hukosea kwa upande wa pili, zikaandika sharti la "toleo jipya tu". Ni kali mno. Utunzaji wa Python 3.8 uliisha Oktoba 2024, lakini kozi ya anayeanza iliyoandikwa kwa 3.8 bado inafundisha karibu kila kitu sahihi. Ukiiondoa, unamwadhibu mkufunzi asiye na uwezo wa kurekodi upya kila mwaka na kuwaachia uwanja wenye studio. Sharti lenye haki zaidi ni hili: mazoezi yafanye kazi kwenye toleo linalotunzwa sasa, na kozi isifundishe kitu chenye hatari inayojulikana. Kwa Python 2, ambayo utunzaji wake ulikoma tarehe 1 Januari 2020, hakuna mjadala: amri ya print isiyo na mabano itakataa kwenye Python 3 tangu somo la kwanza.

Jinsi ya kukagua bila kuchukua kozi nzima

Hakuna mjitolea atakayetazama saa 40 za video, wala hahitaji. Mkaguzi anayejua programu anaweza kumaliza kozi moja kwa dakika 40 hivi: dakika 10 kusoma ukurasa na silabasi, 20 kufanya mazoezi matatu, na 10 kupitia viungo, leseni na kuandika alichokiona.

Mazoezi hayo matatu yasichaguliwe kiholela. La kwanza liwe somo la kusakinisha, kwa sababu ndilo linalovunjika mapema kuliko yote: vitufe huhama, anwani za kupakulia hubadilika, mfumo wa kompyuta huja na ulinzi mpya. La pili litoke karibu theluthi mbili ya kozi, mahali ambapo wakufunzi wengi huanza kuchoka na maelezo kupungua. La tatu liwe la mwisho, ili kuona kama kinachoahidiwa kwenye ukurasa wa mbele kinafikiwa kweli. Yote yafanyike kwenye kompyuta safi au mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta) isiyo na chochote. Kompyuta ya mtaalamu imejaa vifurushi vya zamani, na itaficha hitilafu ambazo mwanafunzi atakutana nazo siku ya kwanza.

Kwa kozi ya kulipia, mkaguzi aombe akaunti ya muda, tuseme siku 14, ifungwe ukaguzi ukiisha. Akiachiwa kozi yote bure milele, tayari amepokea zawadi. Na mkaguzi anayefundisha somo hilohilo, au anayefanya kazi kwa mtoa mafunzo anayeshindana, asiikague kozi hiyo. Kutangaza uhusiano huo halafu kuendelea kuamua hakutoshi.

Bei, na dhana kwamba programu huria lazima ifundishwe bure

Dhana hii inasikika kila orodha inapojadiliwa. Uhuru wa programu unahusu unachoruhusiwa kuufanyia msimbo. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU wa kuunda mfumo huria wa kompyuta mwaka 1983, amesisitiza tangu zamani kwamba kutoza fedha hakupingani na uhuru huo. Saa za mkufunzi ni kazi, na kuna watu ambao wasingefundisha kabisa kama hawalipwi. Kuzifungia nje kozi za kulipia humnyima msomaji taarifa, kwa sababu mafunzo ya ana kwa ana na ya makampuni mara nyingi yako upande huo.

Kinachotakiwa ni ukweli wa bei. Neno "bure" hubebeshwa mambo mengi: kozi yote bure, somo la kwanza bure, kozi bure lakini cheti cha kulipia, au majaribio yanayodai namba ya kadi na kuanza kukata fedha baada ya siku kadhaa. Fomu ya kuombea nafasi kwenye orodha iwe na chaguo la kila moja, na hilo la kadi liandikwe waziwazi kwenye ingizo. Anayeficha bei nyuma ya "wasiliana nasi" aruhusiwe tu kama anafundisha makundi ya makampuni, ambako bei hutegemea idadi ya watu.

Fedha zina njia nyingine ya kuingia, nayo ni kwenye kiungo. Kiungo chenye alama ya kuuliza ikifuatwa na herufi kama ref au aff huenda kinampa kamisheni aliyekileta kila mtu anaponunua. Kata sehemu hiyo, jaribu kama ukurasa bado unafunguka, kisha uchapishe anwani safi. Viungo vilivyofupishwa vikataliwe, maana havionyeshi vinakopeleka na vinaweza kugeuzwa baadaye. Isitoshe, wapo wasiotaka wanafunzi hata kidogo. Wanataka kiungo kutoka tovuti inayoheshimika ili wapande kwenye matokeo ya utafutaji. Alama ya nofollow, iliyoanza mwaka 2005, huiambia mitambo ya utafutaji isihesabu kiungo kama kura ya kuunga mkono. Iweke kwenye viungo vyote vya orodha na utangaze kwamba umeiweka, na waombaji wa aina hiyo watakosa sababu ya kuja.

Jamii ikipokea udhamini kutoka kwa mtoa mafunzo, jina lake likae kwenye ukurasa wa wadhamini. Asipandishwe juu kwenye orodha ya kozi.

Jina, neno "rasmi", na cheti

Majina ya programu nyingi huria ni alama za biashara zilizosajiliwa, ingawa msimbo ni wa wote. Ya Python inashikiliwa na Python Software Foundation, na ile ya Linux inashikiliwa na Linus Torvalds, aliyeuanzisha mfumo huo. Kwa kawaida sera zake humruhusu mtu kutaja jina kueleza anachofundisha, kwa mfano "Kozi ya Python kwa wahasibu". Tatizo huanza kwenye "Kozi Rasmi ya Python", au nembo inapowekwa kana kwamba mradi wenyewe ndio unaofundisha. Hilo hukaguliwa kwa sekunde chache na lisiachwe lipite, kwa sababu likishakuwa ndani ya orodha ya jamii msomaji hana namna ya kujua si kweli.

Cheti nacho kina aina mbili. Cha kumaliza huonyesha kwamba mtu alifika mwisho wa masomo. Cha kupimwa hutokana na mtihani unaosimamiwa, na mara nyingine anayepima si anayefundisha. Linux Professional Institute hufanya hivyo: cheti chake cha LPIC-1, cha Linux, hupatikana kwa kufaulu mitihani miwili, na unaweza kuwa umejifunzia popote. Kozi inayokuandaa kwa mtihani huo haitoi cheti hicho, na ingizo liseme hivyo.

Kuna jamii zilizoamua kwenda mbali zaidi ya kuorodhesha. Software Carpentry, inayowafundisha watafiti kuandika programu, iliyoanza mwaka 1998 na sasa iko chini ya The Carpentries, ina masomo yake yenyewe yenye leseni huria, na warsha haiwezi kubeba jina hilo bila angalau mkufunzi mmoja aliyethibitishwa. QGIS ina mpango ambao mashirika yaliyokubaliwa hutoa vyeti kwa niaba ya mradi. Hii ni njia nzuri, lakini inadai watu wa kutunza masomo, kufundisha wakufunzi na kusikiliza malalamiko. Jamii isiyo nao isiazime lugha ya uthibitisho kwa orodha ya kawaida.

Leseni ya masomo iandikwe pia. Kozi yenye leseni ya Creative Commons ya aina ya CC BY au CC BY-SA inaweza kusahihishwa na kutafsiriwa na mtu mwingine. Yenye herufi ND (No Derivatives, yaani bila kubadilisha) hairuhusu kusambaza tafsiri. Kwa anayetaka kuwafundisha wenzake kwa lugha yao, taarifa hiyo ina uzito kuliko urefu wa video.

Nani akae juu?

Ukipanga kwa alfabeti, baada ya muda utaona kozi zenye majina yanayoanza na A zikiongezeka. Ukipanga kwa tarehe, watu watatuma upya kila wiki ili wapande. Nyota za watumiaji zinavutia lakini hupotosha: kura huwa chache, marafiki na wanafunzi wa sasa ndio wanaopiga, na aliyekwama kwenye somo la tatu hakurudi kupiga kura. Mpangilio unaoleta ugomvi mdogo ni vichujio vya kiwango, lugha, mtindo wa kufundisha na bei, na ndani ya kila kichujio mfuatano unaochanganywa upya kila siku.

Husemwa chema chajiuza, kwa hiyo eti masharti ya nini, kozi nzuri zitajulikana zenyewe. Kwa anayejua tayari, huenda. Anayeanza hana kipimo cha kutofautisha, na ndiye anayekuja kwenye orodha.

Kila ingizo liwe na mwisho

Orodha nyingi hufa kwa kuachwa kuliko kwa kuingiza kozi mbaya. Dawa yake ni kuipa kila kozi tarehe ya kutoka tangu siku inapoingia. Ya ana kwa ana au ya mubashara iondoke yenyewe siku inapoisha. Ya kujisomea ikae miezi 12. Siku 30 kabla ya hapo mtoa mafunzo atumiwe ujumbe, na asipojibu itoke bila kikao wala mjadala. Anayejali kozi yake atajibu.

Programu ya kukagua viungo iendeshwe kila wiki, lakini usiitegemee peke yake. Huangalia kama seva imejibu, na seva inaweza kujibu vizuri huku ukurasa ukisema kozi haipo tena. Mbaya zaidi, jina la tovuti lililoachwa likaisha muda hununuliwa na mtu mwingine, na kiungo cha somo la hifadhidata kikaanza kupeleka watu kwenye kamari. Mtambo utaona kila kitu sawa. Jicho la mtu litagundua mara moja.

Anayekataliwa apewe namba ya sharti alilokosa na nafasi ya kutuma tena akirekebisha. Akikata rufaa, asikilizwe na mtu ambaye hakukagua mara ya kwanza. Malalamiko ya mwanafunzi yachunguzwe kwa masharti yaleyale: "sikumpenda mkufunzi" haliondoi kozi, "bei niliyokatwa si iliyoandikwa" linaweza kuiondoa siku hiyohiyo.

Yote haya yanahitaji saa za watu, na ni bora kuzihesabu mapema. Wajitolea watatu wanaotoa saa 2 kila mwezi wana saa 72 kwa mwaka. Theluthi moja ikienda kwa maombi mapya na malalamiko, zinabaki 48, ambazo kwa dakika 40 kila kozi zinatosha kukagua upya kozi 72. Orodha ya kozi 300 inayotunzwa na watu hao imejaa, kwa hesabu tu, maingizo ambayo hakuna aliyeyatazama. Waifupishe, au watafute watu.

Watu wasipopatikana kabisa, orodha ifungwe. Ukurasa wenyewe usifutwe. Ubaki kwenye anwani ileile, useme orodha ilifungwa lini na kwa sababu gani, kisha umwelekeze msomaji kwenye somo la utangulizi lililo ndani ya nyaraka rasmi. Python na PostgreSQL zote zina somo kama hilo, na hutolewa pamoja na nyaraka za kila toleo jipya.